Sukari ya Damu na Mkimbiaji

Twamwona mkimbiaji akianza vema, kisha ghafula miguu yalegea, jasho baridi lamtoka, na akili zamchanganyika. Watu husema hana moyo. Sisi twaona wamdhulumu. Ini huweka akiba ya sukari, na mbio ndefu huimaliza. Huko Boston, Marekani, mwaka 1924, madaktari waliwapima damu wakimbiaji wa marathoni walipofika mwisho, wakaona waliodhoofika sana ndio waliopungukiwa na sukari. Mwaka 1925 wakawashauri kula wanga kwa wingi siku iliyotangulia, wakawapa na peremende njiani. Wakafika wakiwa na nguvu. Basi mwenye dalili hizo na asimame, apewe maji ya sukari. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali upesi.