Faili Lenye Jina Sahihi na Data Isiyo Sahihi

Mjumbe akitumwa Mji Mkongwe kumtafuta Bi Fatma, akaamriwa aanze Mkunazini, kisha Kiponda, kisha Malindi, atasimama penye mlango wa Bi Fatma wa kwanza atakayemkuta. Hatatambua kuwa aliyekusudiwa anakaa Malindi.

Kompyuta nayo hutafuta hivyo. Katika lugha ya Python, programu inapohitaji faili jingine la maelekezo, hupitia folda moja baada ya nyingine kwa mpangilio uliowekwa. Ikilikuta jina, huacha kutafuta. Faili la data lililotajwa kwa jina tupu, katika Python na hata katika R, hutafutwa ndani ya folda ya kazi pekee, yaani ile ambamo programu inaendeshwa wakati huo. Lisipokuwemo, kazi husimama, nasi hujua kuna kasoro. Hatari ni pale linapokuwemo faili la zamani lenye jina lile lile. Kompyuta hulisoma bila onyo lolote, na jedwali hutoka likiwa safi.

Zanzibar, kosa hili si dogo. Mwaka 2008 vituo kadhaa vya afya vilianza kutuma taarifa za malaria kwa simu ya mkononi. Na tangu 2012 mfumo wa Coconut Surveillance umewasaidia maofisa wa wilaya kumfuata mgonjwa hadi nyumbani na kuwapima anaoishi nao. Takwimu kama hizo zikitolewa kwenye mfumo na kuchambuliwa pembeni, faili la mwezi uliopita laweza kuifanya shehia yenye wagonjwa wapya ionekane tulivu.

Kwa hiyo, mhudumu anayechambua takwimu aandike njia kamili ya faili, kuanzia folda kuu hadi jina lenyewe. Aweke tarehe ndani ya jina hilo. Kabla ya kuliamini jibu, aiulize programu iko katika folda ipi (kwa R, amri ni getwd()), kisha atazame idadi ya wagonjwa waliosomwa na tarehe ya mgonjwa wa mwisho.

Nawe mgonjwa una sehemu yako. Jina lako huenda wanalo wengi, lakini namba ya kadi yako imekusudiwa uwe nayo wewe tu. Njoo na kadi ile ile kila mara, na utaje shehia unayoishi sasa, ili anayekutafuta asiishie kwenye mlango wa mwingine.