Mbona Rubani Anapima Mizigo Yetu?

Watu wa parokia za kaskazini hutuuliza: mbona ndege ndogo inaondoka na nafasi ndani, huku gunia la mtu limeachwa kiwanjani? Wengine wanasema ati rubani ana maringo. Shida ni mafuta, si maringo.

Tuchukue safari ya Lodwar mpaka Nairobi, kama kilomita 510. Ndege kama Cessna 206 huenda karibu kilomita 230 kwa saa, na kila saa inakunywa kama lita 55. Hewa ikitulia, ni mwendo wa saa mbili na robo hivi, lita 122. Lakini upepo wa Turkana sote tunaujua, ule wa kutoka kusini mashariki. Tuseme unaikaba ndege kwa kilomita 50 kila saa. Basi safari inafika saa mbili na dakika hamsini, lita 156. Na bado kuna akiba: kanuni za kimataifa zinataka mafuta ya dakika 30 zaidi wakati wa mchana, 45 usiku. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72 hivi. Kwa hiyo mafuta peke yake yanapita kilo 130, gunia la mahindi na nusu! Mgonjwa na muuguzi wakishaingia, kitu lazima kibaki, na rubani mwenye akili haachi mafuta.

Kuna pia jambo la joto. Hewa ya moto ni nyepesi, injini inapungukiwa nguvu na mabawa nayo hayashiki vizuri. Ndiyo maana tunaambiwa tufike kiwanjani alfajiri, si saa saba mchana.

Injini ikizima angani, ndege haianguki kama jiwe. Ikiwa juu mita 300 inaweza kuteleza kama kilomita mbili hivi, rubani akitafuta pahali wazi. Lakini pale kwenye mawe ya lava, pahali wazi ni wapi?

Visa vingi vya kuzima havitokani na chuma kuvunjika. Tangi limekauka, au moja limekauka na rubani hakugeuza swichi kwenda lile la pili, au maji yameingia. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na ndiyo yanayofika injini kwanza. Kwa hivyo asubuhi rubani hutoa mafuta kidogo chini ya tangi na kuyaangalia kwenye chupa.

Hapo sisi tunahusika. Misheni inayotunza mapipa ya ndege iyalaze kivulini, vifuniko vikazwe. Pipa likisimama, mvua inatuama juu, na usiku baridi ikiingia pipa hujivuta na kunyonya yale maji. Wakati wa kujaza, mafuta yachujwe, na yale ya chini kabisa yabaki pipani. Mafuta ya taa yasisogezwe karibu, hata kama pipa linafanana.