Mto Hupimwa Siku ya Mafuriko

Bibi yangu wa Malindi hajui modeli ni kitu gani, lakini ndiye aliyesahihisha zoezi langu.

Muhula uliopita, katika somo la haidrolojia, kila mmoja wetu alitakiwa achague mto na kukadiria tope linalobebwa na maji yake kwa mwaka. Nikachagua Sabaki, mto unaoanza karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukaitwa Galana njiani, kisha ukaingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unazidisha kiasi cha tope kilichomo majini kwa wingi wa maji yanayopita. Kwa mfano, kila lita ikiwa na gramu 1 ya tope, na mto ukapitisha mita za ujazo 100 kwa sekunde, hizo ni kilo 100 kila sekunde, yaani tani 8,640 kwa siku. Nilichukua wastani wa vipimo vichache nilivyopata, nikazidisha kwa siku 365, nikaridhika.

Jioni nikampigia bibi simu, nikampa shikamoo, nikaanza kujisifu. Akauliza, "Maji hayo yalitekwa siku gani?" Nikatazama tarehe: zote za kiangazi. Akacheka. "Basi mjukuu wangu, umeupima mto ukiwa usingizini."

Ni kweli. Wakati wa mafuriko, maji yakiongezeka mara 10 na tope la kila lita mara 5, siku moja hubeba mzigo wa siku 50. Ndiyo maana modeli nzuri haitegemei wastani. Huhesabu siku kwa siku, ikizingatia mvua, mteremko, udongo na mimea ya bonde zima la mto.

Bibi huyaona matokeo. Mvua za vuli zikinyesha Ukambani, upepo wa kaskazi husukuma maji mekundu hadi ufuo wa Malindi, na matumbawe hukosa mwanga. Wakati wa kusi, tope huelekea kaskazini.

Dawa iko mashambani, huko juu. Wakulima wa Machakos huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa mlimani, ukawa tuta. Njia hiyo huitwa fanya juu, na hata vitabu vya Kiingereza huiandika hivyo hivyo.

Zoezi nimelirudia, nikitenganisha siku za kiangazi na za mafuriko. Jibu limeongezeka mara kadhaa. Wenzangu mnaosoma sayansi, kabla ya kuwasilisha kazi, pigeni simu nyumbani.