Pale Mzee Anapomshinda Kijana kwa Kuona

Kila mwalimu wa Baiolojia hufundisha kwamba uzee hudhoofisha macho. Ndivyo ilivyo: lenzi hukakamaa, na mboni haitanuki vya kutosha gizani. Hata hivyo lipo jambo moja ambalo wazee huona upesi kuliko vijana, nalo ni mwendo wa kitu kikubwa.

Mwaka 2003 Duje Tadin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, waliwaonyesha watu mistari myeusi na myeupe iliyosogea kwa kitambo kifupi mno, wakawauliza: imekwenda kushoto au kulia? Mtu angetazamia kwamba picha kubwa ingetambulika kwa urahisi zaidi. Ikawa kinyume. Mistari iliyo dhahiri ilipoenea mahali papana, watazamaji walihitaji muda mrefu zaidi. Ilipofifishwa, taabu hiyo haikuwapo.

Sababu yake inadhaniwa kuwa katika sehemu ya ubongo iitwayo MT. Nyingi za seli za neva za hapo huamshwa na mwendo ulio katikati ya eneo ambalo kila seli hulitazama, lakini hunyamazishwa mwendo huohuo ukizidi kuenea hadi pembezoni. Ni breki hasa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliona kwamba breki hiyo hulegea uzeeni, na kwa hiyo wazee walihitaji muda mfupi kuliko vijana kutambua mwendo wa mistari mikubwa.

Mwaka uliofuata Tadin na wenzake waliwapima wagonjwa wa skizofrenia, na kwangu mimi hili ndilo lililo zito zaidi. Mgonjwa wa namna hii hushindwa katika majaribio mengi, na kila mara husemwa kwamba hakusikiliza, au kwamba ni mvivu. Breki ilionekana dhaifu hasa kwa wale waliopooza hisia na kupoteza hamu, yaani walewale ambao jirani huwaita wazembe. Na waliokuwa na breki dhaifu kupita wote waliwashinda watu wenye afya. Uzembe haumpi mtu ushindi. Tofauti imo katika ubongo wenyewe.

Kemikali inayohusika ingali inabishaniwa. Wengi waliitaja GABA, lakini majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018 yalitia shaka.

Je, breki hiyo yatufaa nini? Fikiria dereva wa basi. Gari likienda, miti, nyumba na nguzo zote huonekana zikirudi nyuma kwa pamoja. Ubongo ukiupunguza mwendo huo mpana, mtoto anayekatiza barabara hujitokeza mara moja. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulithibitisha uhusiano huo: wazee, ambao breki yao imelegea, walichelewa kukitenga kitu kinachosogea na mandhari yake inayosogea pia. Dereva mzee basi aweza kuuona vizuri mwendo wa barabara nzima, na bado akachelewa kumwona mtoto.