Gari ya Zamani: Freni Kwanza, Rangi Itangoja

Pengine kwenu ndani ya lupango kuna gari moja imelala miaka mingi. Kuku wanataga ndani yake, pine zimekauka, watoto wanacheza udereva. Sasa kijana wa nyumba amesema: "Papa, mimi nitaitengeneza." Na kitu cha kwanza anachotaka kununua ni rangi!

Rangi inapendeza macho, hatukatai. Lakini gari inayong'aa inaita watu. Jirani ataomba umpelekee mgonjwa, wamama wa soko wataleta magunia ya mihogo, kwaya nzima itapanda nyuma. Kama freni hazishiki, umewakusanya wote hao mahali pa hatari.

Basi anza na magurudumu. Pandisha gari kwa kriki, lakini usiingie chini yake kwa kutegemea kriki peke yake. Weka gogo nene la mti mgumu chini ya shasi, na uzuie magurudumu mengine kwa mawe. Usitumie tofali za saruji, zinapasuka ghafula. Ukifungua ngoma za freni utakuta vumbi jeusi. Usilipulize, wala kwa mdomo wala kwa kompresere. Freni za magari ya zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa amianto, na vumbi lake huleta kansa ya mapafu baada ya miaka mingi. Lilowanishe kwa maji, lipanguse kwa kitambaa, kisha fukia kitambaa hicho mbali na watoto.

Kuna mazoea mengine mabaya. Mafuta ya freni yakikosa, watu wanamimina mafuta ya motere au maji ya sabuni. Kataa kabisa. Mafuta ya motere yanavimbisha mipira iliyo ndani ya freni mpaka inaharibika. Maji nayo yanaleta kutu, na freni zikipata moto yanachemka na kuwa mvuke: unakanyaga, mguu unazama mpaka chini, gari inaendelea tu. Hata mafuta ya freni yenyewe yananyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yale yaliyolala miaka uyamwage yote, utie mapya. Tena yanakula rangi. Tone likianguka juu ya bati, osha mara moja kwa maji. Ukipaka rangi kwanza halafu ukafungua freni, utaipaka mara mbili.

Na motere? Usikimbilie kuiwasha. Kama ni ya esanse, toa buji, mimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda, uache usiku kucha, kisha izungushe polepole kwa mkono. Mafuta ni dawa ya chuma kilicholala. Ziwa letu wenyewe lina ushuhuda. Mwezi wa 7 mwaka 1916, Wajerumani walipokimbia Kigoma, waliizamisha meli yao Graf von Götzen, lakini kwanza mainjinia waliipaka mashine grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na kukuta mashine bado inafaa. Mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji! Gari yako imelala chini ya mwembe tu.

Sasa rangi. Kwanza osha bati kwa sabuni mpaka mafuta yote yatoke. Kwangua kutu mpaka chuma king'ae, na siku ileile paka rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu chuma kikilala uchi karibu na ziwa, asubuhi kimeshabadilika. Mastiki usiitie juu ya kutu, itabanduka. Na shasi iliyooza haitengenezwi kwa mastiki. Hiyo ni kazi ya fundi wa kusudire. Anayeifunika kwa rangi ili auze gari anauza ajali. (Wewe unayenunua, chukua sumaku: penye mastiki nene haishiki.)

Msasa wa mwisho utumie pamoja na maji, kwani rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani yake. Wakati wa mvua unyevu unaweza kufanya rangi iwe nyeupe-nyeupe. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaleta vumbi. Chagua asubuhi iliyotulia, mwagia udongo maji, paka kivulini. Rangi nyembamba mara tatu inashinda nene mara moja. Moto wa mbabula uwe mbali, na watoto pia. Kama ni rangi ya kuchanganya na dawa ya kukausha, mwachie fundi mwenye vifaa, kwa sababu kitambaa puani hakizuii sumu yake.

Siku ya kuijaribu, usipakie mtu. Tafuta mahali tambarare, enda polepole, kanyaga freni mara kumi. Ikivuta upande mmoja, rudisha gari nyumbani na ufungue ngoma tena.