Uloto Mgeni na Ngozi ya Mwenyeji

Mwaka 2023 Hospitali ya King Faisal, Kigali, ilianza kupandikiza figo. Hofu kubwa ya figo mpya ni kukataliwa na mwili. Kwa uloto wa mtu mwingine mambo hugeuka: mgeni ndiye anayeweza kumkataa mwenyeji, maana uloto huzalisha askari wa kinga, na askari hao huiona ngozi ya mgonjwa kuwa adui.

Mwaka huohuo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Uloto wa ndugu aliyelingana vizuri hupunguza hatari hii, lakini hauifuti.

Dalili za maradhi haya huweza kuja baada ya miezi mingi, mgonjwa akiwa amesharudi kwao, tuseme Nyamirambo, mtaa wa Kigali. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha. Huonekana zambarau, kijivu, au weusi uliokolea. Hutokea vipele bapa vinavyong'aa, kucha hupasuka kwa urefu, na mdomoni hujichora mistari myeupe. Tone moja la Akabanga, mafuta ya pilipili, kwenye mshikaki, ambalo zamani halikuwa kitu, sasa linaunguza kinywa kizima.

Kinachotisha zaidi ni ngozi kukakamaa. Huwezi kuifinya ikanyanyuka. Viungo navyo hukaza: anayesujudu huona viganja havilali sawasawa sakafuni, au kifundo cha mguu hakikunjiki kama zamani. Daktari humwambia mgonjwa abananishe viganja mbele ya kifua, viwiko juu. Uwazi unaobaki katikati humwonyesha maradhi yamefika wapi.

Maradhi haya hayaambukizi.

Jua huweza kuyachochea, na Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mionzi ni mikali. Kanzu ya mikono mirefu na buibui, mavazi ya kawaida Nyamirambo, ni kinga nzuri. Krimu za kung'arisha ngozi, ambazo Rwanda ilizifanyia msako mkali mwishoni mwa 2018, ni balaa kwa mgonjwa huyu, ingawa anayeona mabaka usoni kila siku kwenye kioo hushawishika kirahisi.

Tiba huanza na dawa za steroidi, za kupaka au za kumeza, ambazo hazikatishwi ghafla. Zikishindwa, zipo nyingine: ruksolitinibu iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2021. Ngozi iliyokwisha kukakamaa hulainika polepole mno, ndiyo maana madaktari hutaka waitwe vipele vikiwa bado vichache, na mazoezi ya kunyoosha viungo yaanze mapema.