Goti Jipya Lisikaze

Baada ya kubadilishiwa goti, kovu hujijenga ndani na kulikaza. Kwa hivyo usingoje maumivu yaishe ndipo uanze kulikunja. Meza dawa uliyoandikiwa, subiri nusu saa, kisha keti kitini na uvute kisigino nyuma polepole.

Kunyoosha ndiko wengi husahau. Mto chini ya goti hutuliza, lakini goti huzoea kubaki limepinda. Uweke chini ya kisigino.

Kuinuka kitini huhitaji goti likunjike takriban nyuzi 90. Ikiwa wiki 6 zimepita na hujafika hapo, mkaazi wa Rangwe, omba rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Homa Bay. Baada ya miezi 3 kovu huwa gumu zaidi kulegeza.

Kigimbi kikivimba na kuuma, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.